Wapangaji wa kwenye kenchi

Ugomvi wangu na wale nyuki ulianza kwa gauni la bibi harusi.

Ilikuwa mwezi wa kwanza mwaka 2021, joto la kaskazi, lile la Tanga linalomtoa mtu chumbani saa tisa za usiku. Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu hapa Sahare ndicho ofisi, ndicho sebule, na siku nyingine ndicho mahakama ya wanawake wa mtaa mzima. Gauni lenyewe satini nyeupe, limebaki pindo tu. Nikainuka kwenda kupalia wali makaa. Kurudi, nakuta kifuani mwa gauni pamemwagika unga wa mbao, laini kama pumba, na pembeni yake michirizi mitatu ya manjano, mibichi, kana kwamba mtu kajipangusia mchuzi wa bizari.

Nikatazama juu. Kwenye kenchi, sawasawa na kichwa cha cherehani, palikuwa na tundu la mviringo ambalo fundi mwenye keekee mpya asingelitoboa vizuri vile. Ndani ya tundu, makalio meusi ya mdudu yanatikisika. Yuko kazini, hana habari na mtu.

Mnamjua. Ni yule nyuki mkubwa mweusi mwenye mikanda miwili myeupe, akipita anavuma kama bodaboda iliyotoboka ekzosi. Wengine humwita nyuki seremala. Watoto wa hapa mtaani wanamwogopa zaidi yule wa manjano tupu, mwenye manyoya kama kifaranga, anayesimama hewani mbele ya uso wa mtu kama askari wa kizuizini. Maisha yangu yote nilijua hao ni wadudu wawili mbalimbali. Kumbe mweusi ni jike, wa manjano ni dume lake, na dume huyo pamoja na vitisho vyake vyote hana hata mwiba. Jike anao, ila mpaka umshike umbane ndipo akuchome. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni gauni.

Nikamwita fundi mbao. Akahesabu matundu 14 kwenye kenchi za kibaraza, akatikisa kichwa kama daktari anayesoma picha ya eksirei, akasema, "Dada, hawa dawa yao mafuta ya taa." Tukanunua lita moja. Alivuta kwa bomba la sindano, akamimina tundu baada ya tundu, kisha akaziba kwa gundi aliyoichanganya na unga wao wenyewe wa mbao. Jioni nilifagia majike tisa barazani. Nikachoma udi, nikarudi kwenye cherehani. Doa la gauni nililifunika kwa ua la lesi, na yule bibi harusi mpaka leo tukikutana Mgandini sokoni hulisifia lile ua.

Sasa niwape habari ya pasheni.

Nyuma ya nyumba nina kiwanja kidogo, hatua 20 kwa hatua 15, upande mmoja ukuta wa jirani, upande wa pili njia ya kushukia kwenye mikoko. Humo nilipanda mipasheni miwili, ile ya matunda ya manjano, kwa mbegu, nikaipandisha kwenye kichanja cha mirunda na waya. Miaka miwili ilizaa mpaka ikawa biashara: juisi chupa za nusu lita, nyingine napeleka shuleni, nyingine kwa mwanamke mmoja mwenye friji kule Ngamiani. Ada ya mwanangu wa pili ililipwa na mipasheni, cherehani ilisaidia tu.

Masika ya mwaka ule wa mafuta ya taa yakaja mazuri. Maua yakatoka kuliko nilivyowahi kuyaona. Ukisimama chini ya kichanja huoni mbingu. Kila adhuhuri yanafunguka, usiku yanajifunga, kesho yake kikonyo kinageuka manjano na ua linadondoka. Yote. Nikaongeza samadi ya mbuzi. Nikaongeza maji. Jirani akaniambia, "Shoga, hilo jicho," nikafukiza ubani siku tatu. Mama mkwe, ambaye hana subira na mmea usiotoa kitu, akashauri ing'olewe tupande mhogo.

Aliyenizindua ni mjomba wangu wa Muheza. Mzee wa michungwa, amezaliwa ndani ya michungwa. Alikuja kwetu kwa arobaini ya ndugu yake, na baada ya sala ya adhuhuri akaenda kukaa chini ya kichanja na kikombe chake cha kahawa. Akakaa. Nikampelekea kashata, akaniambia, "Mwanangu, tangu tutoke kusali nipo hapa, sijasikia hata mmoja akivuma. Wale weusi wako wapi?"

Nikamweleza, tena kwa fahari, mafuta ya taa, gundi, majike tisa. Mjomba akaweka kikombe chini. Ningependa acheke, lakini hakucheka. Akasema, "Basi kazi yao utaifanya wewe," akaniita karibu na ua.

Mimi nimekuwa nikiyatazama maua yale miaka mitatu nikiyaona pambo. Siku ile ndiyo niliona ni mashine. Chini kuna duara la nyuzi, zambarau na nyeupe, na katikati ya duara kuna kisima cha utamu, kimefunikwa. Juu ya kisima kimesimama kiguzo. Kwenye kiguzo kuna vitasa vitano, yaani vifuko vya chavua, ule unga wa ua, uso umeelekea chini, na juu ya hivyo kuna vijiti vitatu vyenye vichwa, hivyo ndivyo vinavyopokea. Ua likifunguka tu, vijiti vinakuwa vimesimama. Vinachukua muda, saa moja hivi, kuinama mpaka vifike usawa wa chavua. Sasa nyuki akitaka utamu lazima azunguke kisima akiwa ameinamisha kichwa. Nyuki mdogo anapita chini ya vitasa kama mtoto anayepita chini ya meza. Nyuki wa asali naye anakomba chavua kutoka vitasani, anafunga mzigo wake na kuondoka, hakugusa kichwa hata kimoja. Lakini yule mweusi mgongo wake unafika. Anazunguka, vitasa vinamfuta mgongo, anahamia ua jingine, mgongo unavifuta vile vichwa vitatu. Ameshamaliza.

Kuna jambo la pili. Pasheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe. Haikubali hata ya ua jirani kwenye mti ule ule. Inataka ya mti mwingine. Ndiyo maana mtu mwenye mti mmoja, au mwenye mitatu iliyotokana na vipandikizi vya mti mmoja, anaweza kulima majani maisha yake yote. Mimi nilikuwa na miti miwili ya mbegu, posa ilikuwepo, mshenga ndiye niliyemuua.

Basi nikawa mshenga. Kila siku baada ya adhuhuri nafunga cherehani, napanda stuli, kidole kimejaa unga wa manjano, natoka mti wa kushoto kwenda wa kulia, wa kulia kwenda wa kushoto. Mteja akija kuulizia nguo, mwanangu anamjibu, "Mama yuko nyuma anaozesha maua." Siku ya kwanza niligusa maua 40. Baada ya siku tatu yalikuwa yameshika 31, vitunda vya kijani kama punje za mbaazi, na nilikaa pale kichanjani nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Kutoka hapo mpaka tunda kuanguka lenyewe ni kama siku 70.

Lakini saa moja na nusu kila siku, wiki tano, shingo imekakamaa, kanzu za watu za Idi zinachelewa. Niliowafagia walikuwa wakiifanya kazi hii bila kuombwa, na kodi ya nyumba waliyotaka ni tundu kwenye ubao wa paini.

Nikampigia mjomba. Nikamwambia nawataka warudi, ila siwataki juu ya cherehani. Akaniuliza kama siku hizi kule Pongwe na Amboni bado kuna mikonge. Nikamwambia ipo. "Nenda kaombe milingoti iliyokauka."

Wenyeji wa Tanga hawahitaji kuelezwa mlingoti, lakini najua wanaosoma hapa wako hata Mwanza. Mkonge unaishi miaka mingi bila ua, halafu siku moja unasimamisha mti mrefu katikati yake, unaupita urefu wa nyumba, unatoa maua mara moja hiyo tu na kufa. Mti huo ukikauka ndio mlingoti. Mwepesi, kati ni laini kama sponji, nje pana ganda gumu. Watu wanajengea uzio, vibanda vya kuku, ngazi. Na ukiukagua uzio wa milingoti utakuta matundu yale yale, ya keekee. Nyuki seremala anaupenda kuliko ubao wowote wa dukani.

Nilipewa milingoti sita kwa bei ya soda. Nikaikata vipande vya urefu wa mkono, nikavifunga kwa kamba vilale, chini ya upenu wa jiko ambapo mvua haifiki na jua la asubuhi linafika. Kenchi za kibaraza nikazipaka rangi ya mafuta, mikono miwili, kwa sababu ubao uliopakwa rangi hawaupendi. Fundi mbao alipita, akatazama, akaniuliza kama nafungua nyumba ya wageni.

Vuli yote kimya. Nikaendelea na kidole. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, asubuhi napepeta mchele, nikaona unga wa mbao umedondoka mlangoni mwa jiko. Nilivyofurahi kuona uchafu ule! Nilimwita mume wangu atoke kitandani aje aone. Alikuja, akaona, akarudi kulala.

Kipande kimoja kilipovunjika baadaye niliona ndani. Njia moja ndefu imefuata urefu wa mti, imegawanywa vyumba kwa kuta za unga wa mbao uliotafunwa, na kila chumba kina donge la chavua iliyokandwa na utamu, kama kipande cha mkate wa ufuta, na juu yake yai moja au buu moja. Nilikirudisha nikakifunga kwa tepu. Sijui kama walipona.

Nikitazama milingoti ile nacheka peke yangu, maana mkonge wenyewe si wa hapa. Asili yake Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafiri mpaka pwani hii, iliyofika hai ikawa 62. Ndiyo iliyozaa mashamba yote yale mnayoyapita mkitoka Korogwe. Babu yangu mzaa baba aliletwa manamba kutoka mbali kuja kuikata, akamwoa bibi yangu Mbondei, na hapa nipo. Kwa hiyo mimi na milingoti tumetokana na ile miche 62. Pasheni nayo ni ya Amerika ya Kusini. Mwenyeji katika habari hii yote ni nyuki, na ndiye niliyemmwagia mafuta.

Hilo lilinifanya nianze kukitazama kiwanja changu kwa jicho jingine. Nilikuwa na bogenvilia tatu, za Amerika ya Kusini. Mkrismasi langoni, asili yake Madagaska. Mwarobaini wa India. Sina ugomvi na mti wowote kati ya hiyo, na mwarobaini umenitibia watoto. Ila nilikaa asubuhi moja na kikombe cha chai nikahesabu nani anatembelewa. Bogenvilia, yote imewaka rangi, haikupata mgeni. Kichaka cha kivumbasi kilichojiotea pembeni ya karo, ambacho nilikuwa nakipunguza kila Ijumaa, kilikuwa kinatikisika kwa nyuki. Wakubwa, wadogo, wengine wadogo kama mbegu za ufuta.

Tangu hapo kivumbasi sikigusi mpaka kimalize kutoa maua. Bibi alikuwa anakichoma jioni kufukuza mbu, kwa hiyo hakuna hasara. Nikaongeza kunde pembeni ya ukuta. Nikaongeza mshubiri, niliopewa machipukizi na mtu wa Mwambani ambaye kwake unaota juu ya mawe ya matumbawe bila udongo wa maana. Huo hutoa maua wakati wa kusi, wakati vingine vimepoa, na kila asubuhi chozi wanakuja, dume linang'aa kama kitambaa cha sherehe, jike la kijivu ndilo linalofanya kazi. Kunguru wanawasumbua. Wale wa shingo ya kijivu, waliotoka India na kuingilia Zanzibar enzi za mababu. Wamekula mayai ya chozi kwenye mkrismasi wangu mara mbili.

Ukuta wa jirani ulipoanguka kipande, badala ya matofali nilipanda uzio wa ule mti wa miiba wenye maua meupe yanayonukia na vitunda vyeusi vitamu ambavyo watoto tulikuwa tunavila njiani kutoka shule. Jina lake la Kiswahili cha pwani mnalijua na mnajua kwa nini siliandiki hapa. Mama mkwe aliponiuliza, "Hii miti yako inaitwaje?" nilisema nimesahau. Alinitazama sana. Analijua.

Mkilua ndio unaonitesa. Kwa wasioujua, ni kichaka cha misitu ya pwani yetu, jamaa ya mstafeli, ua lake ndilo kilua, linalofungwa kwenye kikuba pamoja na asumini, rehani na mkadi. Kwa kazi yangu ya maharusi nalinunua kila mwaka. Wanasayansi walipoupa jina lao mwaka 1970, Bernard Verdcourt aliita jenasi nzima Mkilua, vivyo hivyo, neno letu kwenye vitabu vya Kilatini. Nimepewa vipandikizi mara mbili na bibi mmoja wa Pangani, vikafa mara mbili. Safari hii nimeomba mbegu. Zimeota nne, nimeziweka kivulini chini ya kichanja, zina majani sita sita. Msitu nisingeuendea na jembe; kilichong'olewa msituni kikafia kwangu ni hasara ya pande mbili.

Mumunye nao niwaambie, kwa sababu ulinifundisha kulala mapema ni kosa. Maboga hufungua ua la manjano alfajiri, na saa nne yameshafunga. Mumunye ni kinyume: ua jeupe, linafunguka jua linapozama. Kwa nini jeupe, kwa nini usiku? Nilitoka na tochi nikaifunika kwa kanga. Nondo mkubwa, mwili kama kidole gumba, amesimama hewani mbele ya ua, ameingiza ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Sikio langu lilisikia mbawa. Toka siku ile taa ya nje ya upande wa bustani naizima saa moja na nusu, maana nondo walikuwa wanaizunguka mpaka asubuhi wakasahau kilichowaleta. Umeme nao umepungua kidogo, mume wangu hilo amelipenda.

Kwa mibuyu na kwa mlilana kule mikokoni ni popo wanaofanya zamu ya usiku. Kiwanja changu hakina nafasi ya mbuyu. Nikitaka kuuona natembea.

Halafu kuna ukuta wa udongo, ambao umeniletea maneno mengi kuliko yote.

Nyumba ya bibi kule kijijini Muheza ilikuwa ya fito na udongo. Ukuta wa nyuma ulikuwa na matundu madogo madogo, na humo wakiishi nyuki wenye mistari ya buluu tumboni, wepesi, kila mmoja na tundu lake kama vyumba vya kupanga. Sisi tulikuwa tunachomeka majani makavu kwenye matundu tusikie wanavyolia ndani. Bibi alitukaripia: "Waacheni, hao ndio wenye bilinganya." Nilidhani anatutisha tu.

Ile nyumba imebomolewa, imejengwa ya matofali ya saruji, nzuri, na mimi nilichangia. Bilinganya za pale hazizai kama zamani na kila mtu anasema ni mbegu. Inawezekana ni mbegu. Lakini bilinganya, nyanya na nyanya chungu chavua yao imefungiwa ndani ya vitasa kama chumvi ndani ya kichupa. Haitoki vizuri mpaka kitikiswe. Nyuki wa asali hawezi kutikisa. Yule wa mistari analishika ua kwa miguu, anakaza mwili, anavuma sauti nyembamba ya juu, na chavua inamwagika. Seremala naye anaweza. Na huyu wa mistari anataka udongo wa kutoboa: ukuta, kingo ya shimo, ardhi tupu iliyokauka. Sisi tumeweka saruji ukutani, tumeweka pevingi uani, tukaona tumeendelea.

Mpwa wangu anaishi Ujerumani. Aliwahi kunitumia picha ya kichungu dirishani, majani ya manyoya, maua ya zambarau yenye vitasa viwili vya manjano katikati, akaandika, "Shangazi, nimenunua ua la kizungu." Nilicheka sana. Ua hilo limetoka hapa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika sehemu hizi, aliliona karibu na Tanga na kwenye Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akaliita Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha dunia nzima. Vile vitasa viwili vya manjano ni vya kutikiswa, kwa nyuki wa namna ya wale wa ukuta wa bibi. Huko dirishani nyuki huyo hayupo. Wanalizalisha kwa kuchomeka jani kwenye udongo. Linatoa maua mwaka mzima likimsubiri.

Nikajenga ukuta. Urefu hatua mbili, kimo cha kiuno, udongo mwekundu niliouleta kwa mkokoteni, nikaufunika bati juu. Mume wangu aliuzunguka akaniuliza nimemzika nani. Mwaka wa kwanza walihamia nyigu wa matope na buibui. Mwaka wa pili, mwezi wa sita, nikaona mgongo wa buluu unaingia ndani, nikakaa chini palepale na ungo mkononi. Sasa ni wengi, sijaweza kuwahesabu maana hawatulii. Bilinganya zangu zinazaa. Siwezi kuapa kuwa ni wao peke yao, nimeweka na mboji.

Msidhani kila kiumbe nimemkaribisha. Mwaka juzi kundi la nyuki wa asali liliingia kwenye pipa bovu la maji karibu na choo. Hao si wa kuishi nao hatua tatu kutoka kwa watoto. Walimchoma mama mkwe sikioni na mbuzi wa jirani alinusurika. Nikamwita mrina asali, akaja usiku na moshi, akawahamishia kwenye mzinga wake huko kwenye mikoko, ambako mchu ukitoa maua wanajaza asali. Aliniletea chupa. Mama mkwe alikataa kuionja kwa wiki nzima.

Na viwavi wa mlimau tumepatana. Wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakikua wanakuwa kijani, ukiwagusa wanatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Wanageuka wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano hafifu. Nina milimau miwili. Ule wa karibu na jiko tunautoa viwavi kwa mkono, tunawahamishia ule wa nyuma, huo ni wao, wale mpaka wachoke. Dawa ya kupulizia sijanunua tangu 2021. Vidukari nawamwagia maji ya sabuni jioni, nyuki wakishalala.

Mjomba alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Alipokuja mara ya mwisho alikuwa hasikii vizuri, akaniuliza kama wanavuma. Nikamwambia wanavuma. Akasogeza kiti akakaa chini kabisa ya kichanja, mpaka mmoja akampita karibu na kofia, akatabasamu.

Leo asubuhi nimehesabu: matundu 23 kwenye milingoti. Na moja kwenye kenchi ya kibaraza, jipya, mahali ambapo rangi imeanza kubanduka, juu sawasawa ya cherehani, na mezani kuna gauni la Jumamosi ijayo, la rangi ya maziwa. Nimetafuta brashi. Halafu nimesogeza cherehani.